Ungo wa Tabora

Jioni hiyo Mashavu alikwenda kwa mke mwenzake, Chausiku, kuomba kaa la moto. Alikuta makande yanatokota, mlango wazi, mwenyewe hayupo.

Akaita.

Mara kitu kikavuma juu ya paa... kisha kishindo kidogo uani. Mashavu akajibanza nyuma ya ghala. Akamwona Chausiku anashuka kwenye ungo, kaniki imelowa umande. Alinuka tumbaku.

Tumbaku ya Semboja.

Semboja, mume wao, alikuwa amechukuliwa upagazi na Wajerumani, kupeleka mizigo Tabora. Kutoka kijijini kwao Misima hadi kule msafara ulitembea siku arobaini, na wengine hawakurudi. Miezi mitatu Mashavu alivumilia, akijua wamemkosa wote wawili. Kumbe mwenzake anakwenda na kurudi kabla makande hayajaiva!

Kifua kilimwaka.

Kesho yake, jua likizama, Chausiku alikwenda mtoni. Mashavu akaingia kwake, akashusha ungo darini pamoja na kibuyu cha dawa. Akajipaka usoni na miguuni. Akaketi. Akataja jina la mumewe.

Ungo ukapaa. Upepo ukamziba masikio. Chini nyika ilikimbia, moto wa kambi moja, wa pili, wa tatu... Kabla hajamaliza kuogopa, alikuwa ametua.

Hapakuwa na kambi wala mji. Semboja aliketi peke yake kando ya rundo la mawe, amempa mgongo.

"Chausiku?" alinong'ona.

"Ni mimi. Mkeo mkubwa."

Hakugeuka.

"Inuka, baba. Rudi nyumbani. Uje kwangu kwanza."

"Unaniruhusu?"

"Nimekuruhusu."

Semboja akainuka. Alikanyaga majani makavu, wala hayakulia.

Mashavu aliporudi, Chausiku alikuwa amesimama uani, mtungi umevunjika miguuni pake.

"Dada... umemwambia nini?"

"Nimemwambia arudi. Ulitaka uwe naye peke yako?"

Chausiku akaketi chini kwenye maji.

"Alikufa, dada. Homa ilimuua njiani, wakamfukia kwa mawe. Kila jioni nilikwenda kumbembeleza alale. Alikuwa anaomba ruhusa ya kurudi tu."

"Mwongo wewe!"

Wiki mbili baadaye msafara ulirudi. Mzee Hiza, mnyapara wao, alivua kofia mlangoni kwa Mashavu kabla hajasema neno. Homa, alisema. Walimzika porini karibu na Tabora, hata mjini hakufika.

Chausiku hakungoja matanga yaishe. Aliuchoma ungo, akafunga mzigo wake, akaenda kwa kaka yake Korogwe.

"Twende wote, dada," alimsihi. "Yeye anakuja kwa miguu. Bado kuna muda."

Mashavu alikataa.

Jioni ya arobaini tangu Mashavu amruhusu Semboja, mbwa wa Misima walinyamaza wote kwa pamoja. Harufu ya tumbaku ikapenya chini ya mlango. Na nyingine chini yake... ya udongo mbichi.

"Nimefika," ilisema sauti ya nje. Ilikuwa imechoka sana.

Mashavu alishika komeo.

"Chausiku yuko wapi?" sauti iliuliza.

Angeweza kusema Korogwe. Neno moja tu, na nyayo zile zingegeuka zimwache milele. Alilihisi neno liko ulimini.

Lakini kifua kilimwaka tena.

"Hayupo," alisema. "Mimi nipo."

Akaondoa komeo.