Kusimama Nyuma ya Njagi

Siku ya soko pale Manyatta, viazi vilikuwa vimemwagwa juu ya magunia, kuku wamefungwa miguu wawili wawili, na akina mama wa mboga wamekaa karibu na matope kabisa kwa sababu soko lenyewe halikuwa na sakafu wala paa. Choo kilikuwa kimeanguka tangu mvua za mwaka uliopita. Katikati ya hayo yote msichana mmoja alikuwa amesimama juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, akisema kwamba choo hicho diwani Kivuti amekiahidi mara tatu, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukiingia.

Akina mama wakacheka. Hapo taa ya kamera ikamulika.

Msichana akanyamaza, akatafuta kwa macho. "Wewe wa kamera. Ni Kivuti amekutuma?"

"Kivuti simjui, dada. Mimi najua mwanga tu, na mwanga umekukalia vizuri."

"Hebu msikieni. Ati mwanga umenikalia."

"Na gauni pia."

Gauni lilikuwa la manjano, lenye kola nyeupe ya duara, na alikuwa amelishona mwenyewe, kwa maana alikuwa fundi wa cherehani. Miguuni alivaa gambuti nyeusi kwa ajili ya matope. Jina lake Igoki, miaka ishirini na sita. Mwenye kamera aliitwa Mithika, Mmeru wa kutoka Mikinduri, mrefu, mwenye koti la kahawia lililomfupikia mikono. Alikuwa na miaka miwili tangu afungue studio yake ndogo kando ya posho mill ya kusaga mahindi, na hata kadi ya kura alikuwa ameichukulia hapo.

"Hiyo picha nitaitaka," Igoki akasema.

"Njoo Alhamisi. Itakuwa imeoshwa na kukauka."

Alhamisi akaja. Alhamisi iliyofuata akaja tena, na safari hiyo hakukuwa na picha ya kuchukua. Mithika alichemsha chai ya maziwa kwenye jiko la makaa, akamenya nduma, wakala wakiwa wameketi mbele ya pazia lake la kupigia picha, lililochorwa ndege ya abiria. Yeye alizungumza Kimeru, Igoki Kiembu, wakasikilizana nusu. Yale ya moyoni wakayasema kwa Kiswahili.

"Ninyi Wameru mnakasirika haraka," Igoki alimtania.

"Na ninyi Waembu mnaongea hata chai inapoa."

"Basi kunywa, kipenzi, mimi niongee."

Hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyoanza, na yangeendelea hivyo kwa utulivu kama Igoki hangeamua kusimama udiwani.

Huo ulikuwa mwaka wa themanini na nane, mwaka wa mlolongo. Mchujo wa chama haukuwa wa karatasi. Wakala wa kila mgombea alisimama uwanjani ameshika picha ya mgombea wake kifuani, na watu wakajipanga nyuma yake mchana kweupe, jirani akimwona jirani. Aliyepata watu sabini katika kila mia alipita moja kwa moja. Akikosa, walikwenda kwa kura ya siri. Kivuti alikuwa diwani kwa miaka kumi na minne, na kila mtu alimwogopa kidogo. Igoki hakuota kumshinda kwenye mstari. Alichotaka ni watu thelathini katika kila mia, ili wafike kwenye kura ya siri, mahali ambapo hakuna anayemwona mwenzake.

"Lakini kuna jambo moja, mpenzi," alimwambia Mithika, akizungusha kikombe mkononi. "Mpaka siku ya mlolongo tusionekane pamoja."

"Kwa nini?"

"Mimi ni msichana sijaolewa. Tayari wanaulizana, huyu tukimpa wadi halafu aolewe mbali, wadi itabaki na nani? Wakijua ni wewe, watasema nawapeleka Mikinduri."

"Kwa hivyo unaniona aibu."

"Nimesema aibu? Nimesema wiki sita."

"Na picha yako ataishika nani?"

Igoki akanywa chai kwanza. "Mwalimu Njagi."

Mithika akaweka kikombe chini. Njagi kila mtu alimjua. Mwalimu wa darasa la saba, sauti nzito ya kwaya, suruali iliyopigwa pasi mpaka mstari wake ungekata mkate, miwani yenye fremu ya dhahabu, na hana mke. Ukoo wake ulikuwa mkubwa kuliko koo zote za pale.

"Watu wake ni wengi," Igoki akaeleza.

"Na meno yake ni meupe."

"Mithika."

"Nimetaja meno tu."

Picha yenyewe Mithika ndiye aliyeipiga. Alimketisha kwenye stuli, akamwinua kidevu kwa kidole kimoja. "Usikaze uso kama picha ya kitambulisho. Usiangalie kamera. Niangalie mimi." Igoki akamwangalia, na yale macho yakaingia kwenye filamu jinsi yalivyokuwa.

Ili ikuzwe kuwa kubwa ilibidi Mithika aipeleke Meru mjini, kwa rafiki yake wa Majengo mwenye mashine. Siku ya pili alienda kwenye kibanda cha simu cha posta, akapiga kwa duka la Mama Nelius, ambamo Igoki aliweka cherehani yake. Simu ikapokelewa na sauti nzito.

"Hapa ni kwa mgombea Igoki. Nani mwenzangu?"

Mithika akaangalia mkono wa simu kana kwamba umemtemea mate. "Mama Nelius yuko wapi?"

"Ametoka. Mimi ni Mwalimu Njagi. Ungependa kuacha ujumbe?"

"Nataka kuzungumza na Igoki."

"Mgombea anakula. Tumetoka milimani sasa hivi, tumetembea tangu asubuhi, miguu imemvimba. Nimpe habari gani?"

Umejuaje miguu imevimba, Mithika aliwaza. "Mwambie ni mpiga picha. Picha iko tayari."

"Safi kabisa. Mpiga picha, umefanya kazi ya maana. Tutakuona."

Tutakuona. Neno hilo alisafiri nalo mpaka Embu, akapanda nalo mpaka Manyatta.

Alimkuta Njagi dukani akiwa amevua koti, mikono ya shati imekunjwa. Mwalimu akaifungua ile picha kwenye karatasi yake ya kaki, akaipachika kifuani kwa mikono miwili. "Nishike hivi, au juu kidogo?" akauliza, na Igoki akasogea akamwinulia viwiko. Uso wake wa kwenye picha ukalala juu ya moyo wa Njagi, wakati macho yale, ambayo Mithika alijua yalikuwa ya nani, yakiangalia barabara nzima.

Mithika alimngoja Igoki nyuma ya duka.

"Mpe mtu mwingine hiyo picha."

"Siku nne kabla? Nimpe nani?"

"Yeyote. Mpe mzee. Mpe Mama Nelius."

"Mama Nelius ana ukoo wa watu kumi na mmoja, na watatu kati yao hawaelewani. Mithika, hii si harusi. Ni picha."

"Anakula na wewe. Anapokea simu yako. Anajua miguu yako."

"Anajua kwa sababu ametembea na mimi. Wewe ulinisindikiza wapi?"

"Uliniambia nisionekane."

"Basi usionekane na maneno hayo pia." Igoki akageuka kurudi dukani. "Ukija siku hiyo, njoo usimame kwenye mstari wangu. Usipoweza, kaa kwako."

Kabla ya siku kufika, wakala wa Kivuti, mtu mnene anayeitwa Nthiga, alipita studio kuomba picha ya familia ambayo hakuonekana kuihitaji. "Wewe ni mtu wa mbali, bwana Mithika," akasema. "Mtu wa mbali huhitaji marafiki. Simama kwetu. Au unataka kusimama nyuma ya mwalimu, umwangalie kisogo?"

Kisogo cha Njagi Mithika alikuwa ameshakiota.

Asubuhi ya mlolongo uwanja wa shule ulijaa. Ilikuwa baridi kwanza, halafu jua likatoka mlimani na kuwachoma watu utosini. Nthiga alisimama upande wa goli la juu na picha ya Kivuti, Njagi upande wa goli la chini na picha ya Igoki. Igoki mwenyewe alikuwa kando, gauni la bluu, kitambaa cheupe kichwani, mikono ameifunga mbele. Mstari wa Kivuti ulizunguka darasa la kwanza na la pili. Wa Igoki ulifika kwenye mti wa grevilea, ukasita, ukaongezeka wanawake watatu, ukasita tena.

Mithika alikuja amechelewa. Akamwona Njagi: suti ya kijivu, tai nyekundu, uso wa Igoki kifuani. Miguu yake ikageuka yenyewe, ikaenda kwenye mstari wa Kivuti.

Igoki alimwona. Alirekebisha kitambaa, na alipomaliza kukirekebisha akaanza tena.

Mstari wa Kivuti ulikuwa na maneno. Mzee aliyekuwa mbele ya Mithika akamgusa mwenzake. "Ona huyo msichana alivyoangalia kwenye picha. Hayo si macho ya kuomba kura."

"Ni ya kuomba mume," mwenzake akajibu. "Nadhani mwalimu ameshaelewa."

Wakacheka. Mithika akainua macho. Mstari ulikuwa umejipinda, na hapo aliposimama ile picha ilimtazama sawasawa. Igoki wa kwenye stuli, kidevu juu, akimwangalia yeye. Si Njagi. Njagi alikuwa nyuma ya hiyo picha, na kwa kweli ndiye mtu pekee pale uwanjani asiyeweza kuiona.

Akatoka kwenye mstari.

"Unaenda wapi?" Mzee akauliza.

"Nimekosea goli."

Uwanja ule una hatua kama themanini, na watu wote walizihesabu. Alipita mbele ya Njagi. Mwalimu akashusha picha kidogo, akamwangalia juu ya miwani.

"Mpiga picha. Karibu. Mwisho ni kule kwenye mti."

"Nitauona," Mithika akasema amebana meno, akaenda akasimama.

Hapo Nthiga akapaza sauti. "Watu wa Manyatta, mmemwona bwana harusi? Huyo hapo, ametoka Mikinduri. Wadi yenu inaolewa Meru na ninyi mmeipangia mstari."

Minong'ono ikapita kama upepo kwenye mahindi. Mama Nelius, aliyesimama wa sita, akageuka. Alikuwa amemwuzia Igoki sukari tangu akiwa mtoto.

"Igoki mwanangu, ni kweli? Sema tu si kweli, tuendelee kusimama."

Ilikuwa rahisi. Neno moja. Msimamizi alikuwa bado hajaanza kuhesabu. Igoki akamwangalia Njagi, na Njagi akatikisa kichwa polepole, kama mwalimu anayemwonyesha mwanafunzi jibu. Akamwangalia Mithika kule mwisho, mikono yake imetokeza kwenye koti fupi, akingoja kukanwa.

"Ni kweli, Mama Nelius," Igoki akasema, na sauti yake ilisikika mpaka goli la juu. "Huyo ni wangu. Lakini sijahama."

Mama Nelius akakohoa, akageukia mbele, akabaki. Wengine hawakubaki. Walitoka mmoja mmoja wakiangalia chini, wakavuka uwanja. Kumi na wawili.

Msimamizi akahesabu kwa fimbo. Kivuti, mia nne thelathini na mmoja. Igoki, mia moja sabini na nane. Ili aifikie kura ya siri alihitaji mia moja themanini na tatu.

Upande wa juu waliimba. Upande wa chini watu walimshika mkono Igoki na kwenda kukamua ng'ombe. Alipobaki peke yake akiegemea nguzo ya goli, Mithika akaja akasimama hatua mbili mbali naye.

"Watu watano," Igoki akasema.

"Najua."

"Wewe umeniondolea kumi na wawili."

"Niliwaona wakipita. Ungesema hunijui."

"Nilikuwa nimefungua mdomo niseme." Akafuta uso kwa ncha ya kitambaa. "Halafu nikakuona umesimama nyuma ya Njagi. Nikasema, kama huyu ameweza hilo."

Mithika akapiga jiwe dogo kwa kiatu. "Alikutongoza?"

"Mara mbili."

"Nilijua."

"Nilimwambia kuna mtu. Akauliza ni nani. Nikamwambia, ni heri usimjue, atakuvunjia miwani."

Mithika alicheka bila kutaka. "Igoki. Kama wanaogopa utaolewa Meru, usiolewe Meru. Mimi nitajenga hapa. Tuoane hapa, nizikwe hapa nikizeeka. Miaka mitano ikiisha usimame tena, na Nthiga atafute neno lingine."

"Watasema mwanamume wa Mikinduri ameolewa."

"Waseme."

"Na mama yako?"

"Atalia wiki moja. Ya pili atauliza kama unapika uji wa wimbi."

"Nisimame tena, Mithika? Ukijua nitatembea milimani na wanaume, nile kwao, miguu ivimbe?"

"Nitaumia," Mithika akasema, na Igoki alimpenda kwa hilo. "Lakini nitakuwa natembea nyuma yako."

"Basi nimekubali."

Njagi alikuwa anakuja, akisukuma baiskeli, koti lake amelikunja kwenye mkono. Alisimama mbele yao. Tai alikuwa ameilegeza, na machoni alionekana amechoka kuliko wote.

"Mgombea," akasema, "kesho nipite dukani? Tuandike barua za shukrani kwa wale waliobaki."

Igoki alimgeukia Mithika.

"Njoo, mwalimu," Mithika akasema. "Lakini uje saa nne. Mimi nitakuwepo."

"Na nikija saa tatu?"

"Utanikuta. Nitakuwa nimefika saa mbili."