Sahani ya Buluu

Kila mchana, nyumbani kwa akina Sijaona mtaani Jabe, chakula kiliandaliwa kwenye sinia moja. Ugali wa muhogo ulisimama katikati, mboga za lengalenga na samaki wadogo wa ndagala wakakaa pembeni, na watu wanne wakanawa na kula pamoja: Bibi, Mama, dada yake Houda na yeye mwenyewe. Kwa miaka yake kumi na miwili, Sijaona hakuwahi kumwona mtu wa nyumba ile akila peke yake, isipokuwa mgonjwa au mtu aliyegombana na wenzake.

Ndiyo maana Jumatatu ile alipigwa na butwaa. Mama aliweka sinia mkekani, kisha akampa Houda sahani ya buluu. Ilijaa lengalenga, maharage na samaki, na kijipande cha ugali kisichomtosha hata kifaranga.

"Mama, dada amefanya nini?"

"Kula, mutoto wangu. Hayo ni ya wakubwa."

Jumamosi mambo yalizidi kumchanganya. Houda alikuwa na miaka ishirini, na majirani walizoea kuusifu unene wake wakisema amenawiri. Asubuhi hiyo alivaa raba, akajiunga na vijana wanaokimbia barabarani wakiimba, akarudi jasho likimtiririka na huku anacheka. Je, mgonjwa hukimbia? Na kama si mgonjwa, mbona anatengwa? Hata shuleni Sijaona aliwaza mpaka somo la hesabu likampita hivi hivi.

Alipokosa jibu, alijitungia la kwake. Aliificha sahani ya buluu nyuma ya gunia la makaa.

"Sahani yangu iko wapi?" Houda aliuliza.

"Mi sijui," Sijaona alidanganya.

Sahani nyingine zilikuwepo jikoni, lakini Houda hakuzigusa. Aliketi kando ya sinia na wenzake kama zamani. Bibi alifurahi, akamsogezea matonge manono. "Kula, mujukuu wangu. Msichana hapungui mwili akiwa kwao." Mama hakuthubutu kumpinga Bibi. Sijaona naye alifurahi kupita kiasi, na sahani ikakaa huko huko nyuma ya makaa.

Baada ya mwezi mmoja, alimsindikiza dada yake kwenye kituo cha afya. Muuguzi Léocadie alimpima Houda uzito, akamtoboa kidole, akalitazama jibu mara mbili.

"Sielewi. Sukari iko juu vile vile, na uzito haujapungua. Unakimbia kweli?"

"Kila Jumatano na Jumamosi."

"Na chakula?"

Houda aliinamisha kichwa. "Tunajaribu, muganga."

"Basi itabidi nimwambie daktari akuanzishie vidonge."

Machozi yalimtoka Houda. "Kumbe najisumbua bure! Sikimbii tena."

Sijaona alimshika dada yake mkono. Aliogopa kusema, lakini aliogopa zaidi kunyamaza. "Muganga, sahani nimeificha mimi!"

"Sahani gani tena?" Sasa muuguzi ndiye aliyechanganyikiwa.

Sijaona alieleza yote huku akilia. "Nilizani wamemutenga. Nilitaka arudi kwetu."

"Apana, kosa si lake peke yake," Houda alisema, akijifuta uso. "Ningeweza kuchukua sahani nyingine. Niliona aibu kula pembeni, nikarudia ugali mwezi muzima."

Muuguzi alicheka kidogo, akaiweka kando karatasi aliyotaka kumwandikia daktari. "Haya, vidonge vitangoja kidogo. Nisikilizeni. Mazoezi ni mguu mmoja, chakula ni mguu wa pili. Wewe Houda ulikuwa unaruka kwa mguu mmoja. Kula mboga, maharage na samaki ushibe. Punguza ugali, wali, mandazi na soda. Nawe Sijaona usimwige, mwili wako bado unakua."

Nyumbani, Bibi alisikiliza habari hiyo mpaka mwisho. Kesho yake alipakua mwenyewe. Lengalenga na samaki vilijaa katikati ya sinia, na ugali ukasukumwa ukingoni, mbali na Houda. "Kumbe haikuhitajika sahani," alisema. "Sinia ndiyo ilihitaji kupangwa upya."

Miezi mitatu ilipita. Houda hakukosa mbio hata mara moja, na siku moja alirudi kutoka kituo cha afya akipiga vigelegele mwenyewe: sukari imeshuka, na sketi zake zote zinataka kupunguzwa kiunoni! Wakati wa kula, Mama alimgeukia Sijaona.

"Siku ile uliniuliza, nami nikakunyamazisha. Nilikosea. Kuuliza si ujinga. Lakini nawe ulimpenda dada yako kwa kumficha ukweli, na karibu umwumize. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Usipoelewa jambo, uliza mpaka ujibiwe. Ukijua ukweli, useme mapema."

Sijaona alitafakari maneno hayo, kisha akamtazama Bibi, aliyekuwa akimega tonge la tatu.

"Bibi, na wewe umeshapima sukari?"

Mkono wa Bibi ulisimama hewani. Mama alitaka kumkemea mtoto, akakumbuka maneno yake mwenyewe, akafunga mdomo. Bibi alilitazama lile tonge, akalirudisha polepole ukingoni.

Asubuhi iliyofuata Sijaona, Houda na Bibi walikwenda kituo cha afya, na Bibi ndiye aliyetangulia mbele.