Wembe Usiguse Bega Hili

Ng'washi huomba kabla ya kusonga ugali. Siku hizo aliinua mkono mmoja tu. Wa kulia ulikataa.

Alichomwa na msumari zizini, akaenda zahanati ya mtu binafsi mjini Bariadi. Nesi akamchoma chanjo ya pepopunda. Tangu siku ile bega liliuma. Wiki zikapita. Pamba ilipasuka shambani, naye hakuweza kuchuma. Aliingia ndani, akatoka. Aliketi, akasimama. Hakutulia.

"Umetupiwa kitu," alisema Sayi, mama mkwe wake. "Kesho mganga anakuja kukuchanja chale."

"Sindano, halafu wembe!" alisema Limbu, mumewe. "Mke wangu atakuwa chekecheke! Mimi namtaka yule nesi." Akachukua fimbo.

"Mwadila?" Jirani yao Benadetha alisalimu mlangoni. Yeye ni msaidizi wa kisheria. Huwaelekeza watu namna ya kudai haki.

"Mwadila, mama. Karibu," aliitikia Ng'washi.

"Limbu, weka fimbo. Ukimpiga nesi, utashtakiwa wewe. Nawe mayu, mama yangu, wembe usiguse bega hili."

"Kwa nini? Ni mila yetu," alisema Sayi.

"Akienda kupimwa, daktari atakuta makovu ya wembe. Mwenye zahanati atasema, 'Mmemuumiza wenyewe.'"

Benadetha alimgeukia mgonjwa.

"Ng'washi, ulichomwaje?"

"Mkono wa gauni ulibana. Nikashusha shingo ya gauni. Nesi alikuwa amesimama, mimi nimeketi. Akachoma hapa juu."

"Sindano hiyo huingia kwenye msuli, chini ya mfupa wa bega. Chanjo ni nzuri. Labda sindano ilipita pasipo pake. Daktari ndiye atasema."

"Na fidia nitapata?"

"Siwezi kukuahidi. Tunza kadi ya chanjo. Nenda ukapimwe. Kisha tutapeleka malalamiko zahanati. Wakikataa, mahakama ipo. Ila usichelewe, madai yana muda wake."

Asubuhi mganga alifika. Sayi mwenyewe alimrudisha.

"Bega hili ni ushahidi," alimwambia.

Hospitalini daktari alikuta uvimbe ndani ya bega. Aliandika kwamba dalili zinalingana na sindano iliyochomwa juu mno. Alimpa dawa na zoezi: kupandisha vidole ukutani kila siku. Ng'washi alipandisha huku akiomba na kuuma meno.

Zahanati ilikataa malalamiko ya kwanza. Ng'washi akakosa usingizi. Benadetha akampeleka kwa wakili wa msaada wa kisheria, naye akadai upya, akitumia maelezo ya daktari. Safari hii zahanati iliwaita. Walikubaliana kwamba zahanati ilipe matibabu, pamoja na fidia ya msimu wa pamba uliopotea.

Siku ya dozi nyingine ilipofika, Ng'washi alikwenda kituo cha afya.

"Unaogopa, mama?" aliuliza nesi.

"Naogopa. Lakini pepopunda naiogopa zaidi." Akautoa mkono wa kushoto wote kwenye gauni. "Vuta kiti, dada. Keti kwanza, ndipo unichome. Hapa, si huku juu."

Nesi akavuta kiti.

Jioni, maji ya ugali yakichemka, Ng'washi aliomba. Mkono wa kulia ulipanda taratibu. Ukapita sikio.

"Amina," alisema Sayi, ambaye hakuwa amewahi kuitikia sala nyumbani humo.