Shimo la Sita

Shimo la sita la maji machafu lilicheua. Ladan alikuwa amelimwagia ndoo ya maji ya moto kama yale matano ya kwanza, na badala ya kuyameza likayarudisha hadi kwenye buti zake, yana utando mweupe na harufu ya nywele za mtoto zilizoungua.

"Ulisema bismillahi?" Shukri alinong'ona. Kati ya wasafishaji tisa wa kiwanda cha nyama walibaki wao wawili tu. Wengine walikuwa wameugua ule ugonjwa uliokuwa ukienea nchi nzima. Serikali ilitaka nyama iendelee kutoka, na kila ukuta ulibandikwa karatasi ya kukataza mazungumzo, mate yasiruke.

"Si tumekatazwa kusema."

"Hata moyoni?"

Hata moyoni Ladan hakuwa amesema. Msimamizi alikuwa akimharakisha. Alisahau.

"Abaayo, dada yangu, maji ya moto hayamwagwi shimoni kimyakimya. Mle mna wenyewe, wale majini, na wana watoto," Shukri alisema.

Nyumbani, mama yake, Dahabo, alimkabidhi Ilyas, mwanawe wa miezi mitano. Ilyas alilinusa ziwa, akageuza uso, akatapika. Ladan alijikamulia kiganjani. Maziwa yalitoka ya manjano, yakivutika kama kamasi, yakinuka lile shimo. Wakajaribu ya kopo. Aliyatapika pamoja na unywele mrefu mweusi. Siku ya tatu nepi ilikuwa kavu tangu asubuhi.

"Huyu hakatai ziwa," Dahabo alisema. "Anazuiwa."

Misikiti ilikuwa imefungwa, kwa hiyo Sheikh Warsame alisoma dua kwa simu, simu ikiwa imewekwa kando ya sufuria ya maji, mpaka sauti ikamkauka.

"Kayamwage maji haya pale pale shimoni, mwanangu. Taja jina la Mungu kwa sauti, umwombe radhi yule mama uliyemuunguzia mtoto. Harufu ikikata, amekusamehe."

Kesho yake, wakati wa mapumziko, Ladan alipiga magoti mbele ya shimo la sita, akavua barakoa, akaondoa mfuniko uliojaa mafuta yaliyoganda na vipande vya ngozi vilivyoota manyoya ya kijani, akainamisha uso hadi mvuke ule wa uvuguvugu, kama pumzi ya mtu aliyelala mdomo wazi, ukamwingia puani na kooni, akasema bismillahi, akasema nisamehe mama mwenzangu sikumwona mwanao, akamwaga maji yote huku kitu kule chini kikiyafyonza taratibu, kwa midomo.

Harufu ikakata. Yote, hata ya klorini, hata ya damu.

Alifika nyumbani mbio, akajikamulia, akanusa. Hakuna kitu.

"Mama, amenisamehe."

Dahabo aliziba pua kwa shela, akarudi nyuma hadi ukutani. "Amekusamehe wapi? Umeingia nayo."

Ladan alichukua kitunguu kilichokatwa mezani, akakisogeza puani. Hakikunuka. Akanusa mkebe wa kahawa. Haukunuka. Ndipo alipoihisi homa mgongoni, na kujua kuwa si msamaha, ni ugonjwa ule wa wenzake uliomnyang'anya harufu.

"Ilyas yuko wapi?"

"Amelala. Amenyamaza tangu ulipofungua mlango."

Mtoto alikuwa kitandani peke yake, macho wazi, ameinua mikono miwili kukumbatia hewa. Mashavu yake yaliingia na kutoka. Alikuwa akimeza, kwa pupa, na utando mweupe ukimchuruzika kidevuni.