Aliyeshika Shuka Jeupe

"Usiniangalie mimi, dadangu. Angalia pale juu ya shuka."

"Kwa Aqil?"

"Hapo hapo. Na ushushe mabega, umejikaza kama umekuja kung'olewa jino."

Samiha akacheka. Mimi nikamchokoza ili kile kicheko kisipotee.

"Haya, nambie. Huyo mchumba wako ni mtu wa wapi?"

Aliangalia juu ya shuka, akauma mdomo, na uso mzima ukachanua. Nikabonyeza kamera. Moyoni nikasema, hii ndiyo picha.

Naitwa Fairuz. Studio yangu ni chumba kimoja ghorofani, hapa Mishomoroni, na taa za kupigia picha sina. Wengi hudhani ni ufukara. Wallahi si ufukara. Nina dirisha kubwa linalotazama ukuta mweupe wa jirani. Jua hugonga kule kwanza, kisha mwanga ndio huja kwangu umeshapoa, ukapita kwenye pazia jepesi, ukamwangukia mtu usoni polepole. Ila upande wa pili wa uso hubaki kizani, kwa hivyo lazima awepo mtu wa kushika shuka jeupe mkabala na dirisha, ili mwanga ugonge pale na kurudi shavuni.

Mtu huyo alikuwa Aqil. Asubuhi dukani kwa babake, duka la vyombo kule Kisauni, akipata nafasi yuko kwangu na shuka mikononi. Alikuwa wangu. Aliniahidi kuleta posa baada ya Ramadhani. Baada ya Ramadhani ikawa baada ya Mfungo Tatu, mwezi wa Maulidi. Mamangu alishanunua seti mpya ya vikombe vya kahawa kwa ajili ya wazee watakaokuja, na mimi nilishawakataa wawili waliokuja kuniulizia.

Samiha aliletwa na Aqil mwenyewe.

"Jamaa yetu wa Jomvu Kuu," alinambia. "Anaposwa. Mama wa mume yuwataka picha yake ya kutundika ukumbini, na kasema ipigwe na wewe tu."

"Nani huyo mume?"

"Aa, Fairuz! Mambo haya hayatajwi mpaka yatimie. Wajua macho ya watu."

Sikuuliza tena. Kwetu ndivyo ilivyo, posa haitangazwi kabla ya kupokewa. Hasadi ipo.

Jioni nikakaa kuzitazama zile picha. Ile niliyoipenda ilikuwa na kasoro, kivuli kwenye shavu la kushoto. Nikaudhika. Ina maana Aqil aliliachilia shuka. Alikuwa afanya nini?

Sasa, mimi picha zote nazikagulia machoni. Mboni ya mtu ni kioo, chochote kilicho mbele yake kimo mle. Nikaikuza picha mpaka jicho moja likajaa kwenye kompyuta. Upande huu dirisha langu. Upande huu shuka, pembe moja imelegea. Na juu ya shuka, Aqil, kidole kimoja mdomoni.

Shhh.

Nilikitazama kile kidole mpaka macho yakaniwasha. Kisha nikampigia Samiha.

"Samiha, mama. Nikuulize kitu, na usinifiche. Pale nilipokuuliza habari ya mchumba, Aqil alikufanyia ishara gani?"

Akacheka kwa haya.

"Khaa, dada, umeona? Alinambia ninyamaze. Kasema wewe mzuri lakini tusizungumze mambo yetu mbele ya watu."

"Mambo yenu na nani?"

"Yangu na yeye." Akashusha sauti. "Ndiye mchumba wangu, dada. Usimwambie kuwa nimekwambia."

Nikamwambia hongera. Sijui ile sauti niliitoa wapi. Nikamwandikia Aqil.

"Njoo studio kesho asubuhi."

"Kuna kazi?"

"Ipo."

Alikuja akitabasamu, kofia niliyomdarizia kichwani, na moja kwa moja akalichukua shuka lake. Nikaigeuza kompyuta imwelekee.

"Huyu nani?"

Akainama, akatazama. Tabasamu likamkauka, shuka likamponyoka.

"Kivuli tu hicho."

"Kivuli kimevaa kofia yangu?"

"Fairuz..."

"Aqil, miaka hii yote unanishikia shuka, hujui kuwa natazama machoni? Ulijisahau, au ulinidharau?"

Akakaa kwenye kile kiti wanachokalia wateja. Mwanga ukamwangukia vizuri, na hilo likaniudhi zaidi.

"Mama hakutaka," akasema. "Nilimtajia jina lako. Kasema mwanamke wa kuingia nyumba za watu na kamera si wa kuweka ndani."

"Lakini picha zangu azitaka?"

"Picha yuwazipenda sana."

"Lo! Yuwapenda mkono, mwenye mkono hamtaki. Na wewe? Wewe ulimjibu nini?"

Akaiweka sawa kofia kichwani.

"Nakuuliza, Aqil. Mamako aliponitukana, ulimwambia nini?"

"Ningemwambia nini? Ni mamangu."

"Na ukamleta hapa. Ukanitia nimpambe kwa mwanga wangu mke wako!"

"Angeletwa na mtu mwengine mngezungumza, yangetoka. Nilikuja ili..."

"Ili utuchunge sote wawili."

Akanyanyuka, akataka kunishika mkono. Nikaurudisha nyuma.

"Nisikilize. Sikuachi, wallahi. Samiha akishatulia nyumbani, nakuoa wewe wa pili. Kimya kimya kwanza, kisha mama atazoea. Dini yaruhusu."

"Uongo nao dini yaruhusu?"

"Mbona wanifanyia hivi?"

"Mimi ndiye nakufanyia? Toka, Aqil. Iache hiyo kofia hapo, utoke."

Akaivua. Kabla hajatoka, akaliokota shuka, akalikunja pembe kwa pembe kama alivyozoea kila tukimaliza kazi, akaliweka juu ya kiti. Hapo ndipo nilipolia. Nilikuwa nampenda, jamani. Ningejifanya sikumpenda ningekuwa muongo kama yeye.

Alipoondoka nikamwandikia Samiha kila kitu, ahadi, posa iliyokuwa ije kwetu, na huo uke wa pili alioniahidi. Nikamtumia ile picha, na lile jicho. Nilijiambia, mtoto wa watu akijua ataondoka, na Aqil atabaki na shuka lake.

Alijibu jua likishazama.

"Ahsante dada. Nimeona."

Basi. Wala sikusikia tena.

Siku si nyingi, mamangu akaingia kutoka msibani, buibui bado mwilini.

"Fairuz, nasikia Aqil, mtoto wa duka la vyombo, posa yake imepokewa Jomvu Kuu. Ni jina tu limefanana, sivyo?"

"Ni yeye, mama."

Akaketi. Akauvua mtandio, akaukunja, akaukunjua.

"Na vile vikombe?"

"Virudishe kabatini."

"Havijaguswa hata na maji, mwanangu," akasema. Hakunitazama, na mimi nikamshukuru kwa hilo.

Wiki ya harusi, mlango wa studio ukagongwa. Ni Samiha, peke yake, mikono imejaa hina mbichi.

"Asalaam aleikum, dada."

"Waaleikum salaam. Una nini?"

"Mama mkwe kasema ile picha ina kivuli shavuni. Yuwataka nyengine."

Nilitaka kumfungia mlango. Lakini yule mtoto hakunikosea kitu. Nikampisha.

"Kwa hivyo waolewa naye?"

"Nilimwonyesha mamangu lile jicho. Kanambia, mwanamume gani hana la nyuma? Babangu keshapokea posa, kadi zimeshapelekwa. Kasema nikivunja posa, na wadogo zangu hawataposwa."

"Na wewe wasemaje?"

"Mimi sikuulizwa." Akanitazama. "Wewe uliulizwa?"

Nikamkalisha mahali pake, nikalifunga shuka kwenye mgongo wa kiti chengine, nikalivuta mpaka likanyooka. Kiti hakilegezi mkono.

"Niangalie wapi?"

"Juu ya shuka."

"Hapana mtu pale, dada."

"Angalia hivyo hivyo."

Akaangalia. Nje mawingu yalikuwa yametanda, na mwanga uliingia laini kuliko siku zote. Nikabonyeza mara moja tu, haikuhitaji ya pili. Shavu halina kivuli. Nikaikuza mpaka mbonini kama ada yangu. Dirisha limo, shuka limo, na mgongo wa kiti.

"Imetoka nzuri?"

"Nzuri."

"Basi mpelekee."

Nikamtumia mama Aqil pale pale. Hakukawia kujibu.

"Mashaallah! Hii ndiyo yenyewe."

Samiha akaisoma begani kwangu. Nikamfungia mtandio wake, akaniaga kwa adabu, akashuka ngazi akiwa ameinua mikono, hina isiguse ukuta.