Pua Ikichoka

"Toa mkono kwenye swichi, kaka."

"Unaniamrisha mimi? Karakana ya nani hii?"

"Yako. Na ikiungua itakuwa yako vilevile."

Sauti zilishapanda. Kaka yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Profesa kwa sababu hakuna asilolijua, alitaka kuwasha feni ili kutoa harufu. Sisi ni mafundi makochi. Asubuhi hiyo nilijikwaa kwenye debe la thina ya kupunguzia gundi, lile lenye picha ya moto ubavuni, lililokuwa wazi katikati ya njia. Likamwagika lote. Harufu yake kali ikatuchoma pua. Nikafungua madirisha, nikamwagia mchanga mkavu, nikamwambia tutoke, simu ya zimamoto tuipigie nje. Akacheka.

"Zimamoto kwa thina? Hebu nusa. Harufu imeisha."

Nikanusa. Kweli, sikusikia kitu. Nikaanza kujitilia shaka, siwafichi. Mara mlangoni akatokea mama fundi cherehani, jirani yetu, mkono mmoja umeshika pasi ya mkaa, mwingine umeziba pua.

"Nyie, mnataka kutuua kwa harufu hii?"

Kumbe pua zetu zilikuwa zimechoka tu. Mvuke wa thina ulikuwepo bado, unatambaa sakafuni kuelekea miguuni kwake.

"Mama, usiingie," nikasema. "Rudi na hiyo pasi, ipeleke mbali kabisa. Na wanafunzi wako wa ushonaji watoke."

Akageuka bila kubisha. Profesa aliyatazama makaa mekundu, akaushusha mkono polepole. Tukatoka wote, tukapiga simu ng'ambo ya barabara.

Zimamoto walipomaliza kusafisha, mkubwa wao alitusimamisha mbele ya swichi.

"Ukibonyeza swichi, humu ndani hutoka cheche. Huioni, lakini inatosha kuwasha mvuke," alisema. "Na pua usiitegemee, baada ya muda inazoea. Ukisikia harufu ya namna hii usiwashe kitu, usizime kitu. Toka, watoe wenzako, piga simu ukiwa mbali. Dogo kafanya sawa. Sasa nani aliliacha debe wazi njiani?"

Nikatazama chini, sikutaka kumchongea kaka.

"Mimi," Profesa akasema.

Sikutegemea, nawaambieni ukweli.

"Vizuri kwamba umesema. Debe linafunikwa, linawekwa nje mbali na moto. Na leo humu hakuna kazi. Madirisha yaacheni wazi."

Profesa akalifunika debe, akalibeba. Akatutanguliza sisi, akatoka wa mwisho, akafunga mlango.