Asili ya Koskinon

Kila asubuhi baba alinishusha langoni pa shule yetu, mtaa wa Manfuha, Riyadh, kisha akaenda kuwapeleka shule kwa gari watoto wa bosi wake. Kila asubuhi nilimkuta Velma ameshafika, na tulipitana bila salamu. Sikumpenda. Alinishinda hesabu, na alijua kwamba inaniuma.

Wiki hiyo Mwalimu Truphena alitufundisha kuchuja namba tasa, kama unga unavyochekechwa kwa chekecheke.

"Wagiriki wa kale waliliita chekecheke koskinon," alisema. "Tafuteni maana na asili ya neno hilo. Na ole wake atakayeniletea pengo daftarini!"

Mwenye jibu bora angepata nafasi moja iliyobaki katika safari ya mashindano ya hesabu Jeddah. Sote tulijua kwamba mama yake Velma alimfanyia madam mmoja kazi za nyumbani huko, mtaa wa Al-Rawdah, na kwamba hawakuwa wameonana mwaka mzima.

Nilitafuta asili, sikuipata. Nikatunga: eti Koskinon alikuwa mke wa mwoka mikate, aliyefuma chekecheke la kwanza kwa nywele za farasi. Velma aliandika: "Maana, chekecheke. Asili, haijulikani."

"Mvivu wewe!" nilimcheka mbele ya wote.

"Shirleen, umesoma kitabu gani?"

"Una wivu tu. Halas, basi!"

Mwalimu alinipa nafasi. Hadithi yangu aliiandika ubaoni, wanafunzi thelathini wakainakili.

Baada ya vipindi nilimkuta Velma langoni, ameazima simu ya mlinzi. "Mama, usimwombe madam ruhusa," alisema huku akilia. "Siji tena."

Niliona aibu, na nikamchukia zaidi kwa kuniaibisha. Hata hivyo, nilirudi darasani.

"Mwalimu, lile jibu nililitunga."

Alifuta ubao kwa hasira, vumbi la chaki likamjaa usoni. Akamwita Velma. "Nafasi ni yako. Kampigie mama yako sasa hivi."

"Nisamehe, Velma," nilisema.

"Sikusamehe," alijibu, akakimbilia langoni.

Mwalimu alifungua kamusi ya Kigiriki, akasoma, kisha akanigeukia. "Kuna wasomi waliolichunguza neno hilo miaka mingi, na bado wanakiri hawana hakika lilikotoka. Wewe umewapita kwa jioni moja? Mimi pia nilikosea kukuamini bila kukagua, na kuwatisha kwa habari ya pengo. Aliyetafuta kweli akakosa, akisema 'sijui', amejibu. Wewe umewadanganya watoto thelathini. Kesho utasimama hapa, uwaambie wafute."

Nilisimama. Walifuta, na hakuna aliyenisemesha siku nzima.